Kuomba Uzamili na Uzamivu wa Historia ya Ulaya na Dunia Ukiwa Unguja au Pemba

Wanaotaka kusoma historia ya Ulaya na dunia ngazi ya juu kwa kawaida huanza kwa kuuliza nani atalipa. Suala la fedha tutalifikia. Lakini kamati inayochagua wanafunzi haianzi hapo. Inaanza na swali lako la utafiti, maandishi yako na lugha unazozisoma. Mwenye vitu vitatu hivyo anaweza kukosa ufadhili mwaka huu akaupata mwaka ujao. Asiyekuwa navyo, hata fedha zikiwapo, hana pa kuzipeleka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya swali na nyaraka.

Jua kwanza unaomba kitu gani

Uzamili wa Uingereza ni mwaka mmoja, krediti 180, na tasnifu ambayo mara nyingi huwa ya maneno 15,000 hivi. Masomo huanza mwishoni mwa Septemba, na tasnifu hukabidhiwa mwisho wa kiangazi kinachofuata. Ni mwaka wa mbio. Ukifika huna swali, utalipata wakati wenzako wameshaanza kuandika. Nchi nyingi za bara la Ulaya zina uzamili wa miaka miwili wenye krediti 120 za ECTS, yaani mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Kwa anayehitaji kujifunza lugha mpya, miaka miwili ni bora zaidi.

Uzamivu nao una tafauti kubwa. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, hakuna kozi nyingi za darasani, na andiko ni la maneno 80,000 hadi 100,000, kwa hiyo wanataka uje na mradi uliokwisha kupangika. Marekani ni miaka mitano hadi saba. Miwili ya mwanzo ni ya kozi, kisha mtihani mkubwa wa maeneo ya usomi, ndipo utafiti. Jambo ambalo wengi hapa hawalijui ni kwamba vyuo vingi vya Marekani huwapokea kwenye uzamivu watu wenye shahada ya kwanza tu, na vyuo vikubwa vikikupokea kwa kawaida hukulipia ada na kukupa posho. Mtu anahangaika kutafuta dola za kulipia uzamili wa mwaka mmoja kumbe uzamivu ungelipiwa.

Programu za kuangalia kwanza: uzamili wa historia ya dunia unaotolewa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Freie na Humboldt huko Berlin, ambao husomeshwa kwa Kiingereza, historia ya ukoloni na dunia ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, shahada ya miaka miwili ya Chuo cha Uchumi cha London (LSE) na Columbia, mwaka mmoja New York na mmoja London, programu ya Erasmus Mundus ya taaluma za dunia inayoratibiwa na Leipzig, na kwa uzamivu, Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya iliyopo Florence. Usiudharau uzamili wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ada yake hailingani na za Ulaya, utakaa karibu na nyaraka zako, na tasnifu utakayoiandika pale ndiyo itakayokuwa sampuli yako ukiomba uzamivu nje.

Kuhusu alama: vyuo vingi vya Uingereza hutaka daraja la pili la juu. Kwa mizani yetu ya pointi 5.0, hilo ni GPA ya 3.5 na kuendelea. Mwenye 3.2 asikate tamaa, ila ajue kwamba maandishi yake yatabeba mzigo zaidi.

Swali

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa. Mtu anaandika: "Ninataka kuchunguza ukoloni wa Wajerumani Afrika Mashariki." Hiyo ni mada, na inajaza kabati. Swali ni kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukijibu kwa muda aliopewa na kwa nyaraka anazoweza kuzifikia.

Chukua mfano huu uuone unavyopungua. Badala ya ukoloni mzima, anza na biashara ya Wajerumani Zanzibar kabla ya ukoloni. Bado pana. Punguza: nyumba moja ya biashara ya Hamburg, O'Swald, iliyoanza kazi Zanzibar mwaka 1849. Sasa uliza walinunua nini. Pamoja na bidhaa nyengine walinunua kauri, yale makombe ya bahari yanayookotwa kwenye fukwe za mwambao wetu, wakazipakia kwenye meli za matanga kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Afrika Magharibi ambako zilitumika kama fedha. Kwa kauri hizo walinunua mafuta ya mawese, na mawese yakaenda Ulaya kuwa sabuni, mishumaa na grisi ya mashine. Kauri za kwetu zilikuwa kubwa kuliko za Maldivi, zikamiminwa kwa wingi, na thamani ya kauri kule ikaanguka.

Kutoka hapo swali linajitokeza lenyewe: kati ya mwaka 1849 na miaka ya 1870, mawakala wa Hamburg walizipata kauri kutoka kwa nani, kwa malipo gani, na kuanguka kwa thamani yake Afrika Magharibi kulibadilisha nini kwa waokotaji na madalali wa huku? Swali hili lina Ulaya, Bahari ya Hindi na Atlantiki, na lina nyaraka: kumbukumbu za O'Swald zimo kwenye Nyaraka za Dola ya Hamburg, ripoti za mabalozi wa Uingereza zimo London, na mkataba wa miji ya Hansa (Hamburg, Bremen na Lübeck) na Sultani ni wa mwaka 1859. Kamati ikisoma hayo inajua imepata mtu wa kazi.

Lipime swali lako kwa mambo manne. Lina mahali palipotajwa? Miaka ya mwanzo na mwisho ina sababu, au umeweka 1800 hadi 1900 kwa kuwa namba zimenyooka? Wahusika ni watu unaoweza kuwataja kwa kazi zao: wakala, nahodha, mkusanya ushuru, mchuuzi? Na nyaraka zake ziko wapi, kwa lugha gani? Likishindwa moja, rudi mezani.

Usahihi wa mambo ya msingi nao huonekana mapema. Mkataba wa Heligoland wa tarehe 1 Julai 1890 huandikwa vibaya mara kwa mara. Wengi wanasema Bismarck aliutia saini, ilhali alikwisha kuondoka madarakani Machi mwaka ule, na Kansela alikuwa Caprivi. Wengine wanasema Ujerumani "iliibadilisha" Zanzibar kwa kisiwa cha Heligoland, na Zanzibar haikuwa yake. Ilichofanya ni kukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja na Pemba na kuachia Witu, kwenye mwambao wa Kenya ya leo. Ukanda wa pwani ya bara aliuachia Sultani mwenyewe kwa malipo ya mark milioni nne. Anayesoma ombi lako anayajua hayo, na kosa kama hilo kwenye ukurasa wa kwanza humfanya aukague kwa jicho baya ukurasa wa pili.

Na hulazimiki kuandika juu ya Zanzibar. Mzanzibari ana haki ya kusoma Mapinduzi ya Ufaransa kama Mfaransa alivyo na haki ya kuja kusoma Mji Mkongwe. Tafauti ni kwamba utahitaji Kifaransa cha kusomea tangu siku unayoomba, na utaulizwa unaleta nini kipya. Kwa mwenye kuanzia hapa, swali linalohitaji nyaraka za pande mbili lina nguvu zaidi, kwa sababu upande mmoja unaufikia kwa daladala, na mwanafunzi wa Leiden anauotea ndoto.

Nyaraka za Kilimani, na za mbali

Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja. Majalada yamepangwa kwa herufi: AA ni mawasiliano ya ubalozi mdogo wa Uingereza, AB ni Sekretarieti ya wakati wa ulinzi wa Waingereza, AL ni ya Wajerumani. Kuna pia hati za Kiarabu za dola ya Albusaidi, daftari za mikataba ya ardhi, magazeti na ramani. Siku ya mwanzo usiombe jalada lolote. Kaa na orodha za mkusanyo unaokuhusu, uandike namba na maelezo ya kila jalada linaloweza kukufaa, ndipo uombe kwa mpangilio.

Nenda na barua ya utambulisho ya chuo au ya mwajiri na uulize mapema kuhusu kibali cha utafiti. Kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni cha Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na mwanafunzi anayekuja na karatasi ya Dar peke yake huishia kupoteza muda. Ijumaa usiipangie kazi nzito, maana siku ni fupi.

Ndani ya chumba cha kusomea tumia penseli. Mikono iwe mikavu. Usitie mate kidole kufunua kurasa, kwa sababu unyevu na wadudu wameshafanya kazi yao na karatasi nyengine huvunjika kama biskuti. Ukiruhusiwa kupiga picha, zima mwanga wa kamera. Picha ya kwanza iwe ya jalada lenyewe, namba ionekane. Ya pili ya ukurasa wa mwanzo. Kisha endelea bila kuruka hata kurasa unazodhani hazina kitu. Jioni hiyohiyo zipe picha majina yenye mkusanyo, jalada na ukurasa. Picha mia nne zenye majina yaliyotolewa na simu, baada ya miezi mitatu, hazina faida: huwezi kutaja chanzo, na kisichoweza kutajwa hakiingii kwenye tasnifu. Kwa kila waraka andika nani aliandika, kwa nani, tarehe, na kama ni asili au nakala ya karani. Nakala za makarani zina makosa ya majina, na majina yetu ndiyo yaliyoteseka zaidi.

Jalada likikosekana, usiandike "halipo". Uliza kama liko kwenye matengenezo au limehamishwa, na weka tarehe uliyoliomba. Orodha ya uliyoyakosa nayo ni sehemu ya utafiti.

Upande wa London, Nyaraka za Taifa za Uingereza ziko Kew. Kosa la kawaida ni kutafuta Zanzibar kwenye faili za Wizara ya Makoloni kwa miaka ambayo haikuwa chini yake. Zanzibar ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje hadi 1913. Kwa hiyo barua za karne ya 19 zimo FO 54 (FO ni kifupi cha wizara hiyo kwa Kiingereza), mkusanyo wa Maskati, na FO 84, mkusanyo wa biashara ya utumwa. FO 107 ni Zanzibar ya miaka ya 1890 na kuendelea. Baada ya 1913 nenda CO 618, ya Wizara ya Makoloni. Kuna na mlango wa tatu unaosahauliwa: kwa muda mrefu balozi wa Uingereza hapa aliripoti pia kwa serikali ya Bombay, hivyo sehemu ya barua zake imo kwenye kumbukumbu za India zilizopo Maktaba ya Uingereza. Baadhi ya hizo zimewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, na unaweza kuzisoma ukiwa Wete.

Kwa Wajerumani, mkusanyo R 1001 wa Ofisi ya Makoloni upo Bundesarchiv, Berlin, na majalada yake yamepigwa picha kwa wingi na kuwekwa mtandaoni. Vitabu na magazeti ya Kifaransa ya zamani yamo Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Ufaransa. Wareno wako Torre do Tombo na kwenye Nyaraka za Kihistoria za Ng'ambo, zote Lisbon. Vitabu vya karne ya 19 vilivyomaliza hakimiliki tafuta Internet Archive na HathiTrust. Kwa makala za kitaalamu, akaunti binafsi ya JSTOR hukusomesha idadi fulani ya makala bila malipo, na maktaba ya chuo chako iulize kama imejiunga na Research4Life, ambayo hufungulia taasisi za nchi kama yetu majarida mengi.

Tumia programu ya Zotero kuweka marejeo tangu siku ya mwanzo. Ni bure, na nafasi yake ya bure mtandaoni ni megabaiti 300 tu, kwa hiyo picha za nyaraka ziweke pengine: diski moja nyumbani, nyengine kwa mtu unayemwamini. Umeme wa visiwani na joto lake ni adui wa diski.

Mwandiko, tarehe na vipimo

Mjerumani wa karne ya 19 aliandika kwa hati iitwayo Kurrent. Aliyesoma Kijerumani cha kisasa akiifungua anadhani ni lugha nyengine. Herufi e hufanana na n yetu, u huwekewa kipinde juu ili isichanganywe na n, na s ndefu hushuka chini ya mstari kama f isiyokatwa. Njia ya kuijua ni kuiandika kwa mkono wako nusu saa kila siku, kwanza herufi, kisha majina ya watu na miji, halafu barua fupi ambayo tafsiri yake ya chapa unayo. Programu ya Transkribus husaidia kusoma mwandiko, lakini inakosea zaidi penye tarakimu na majina ya mahali, nako ndiko mwanahistoria asikotaka kosa. Kila jina hakiki kwa jicho.

Tarehe nazo zina mitego. Ureno ilihamia kalenda ya Gregori mwaka 1582, Uingereza 1752, Urusi 1918; ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yaliangukia Novemba kwa hesabu ya kwengine. Na Uingereza kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo barua ya Februari 1650 inaweza kuwa, kwa hesabu yetu, ya Februari 1651. Upande wa Hijria, hesabu ya haraka ni kuzidisha mwaka kwa 0.97 kisha kuongeza 622. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria: 485 na 622 ni 1107. Hesabu hii hukupa mwaka wa karibu tu. Penye mwezi na siku tumia jedwali kamili, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria hugusa miaka miwili ya Miladi.

Frasila ilikuwa ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Riale ya Maria Theresa huonyesha mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye, kwa hiyo usiitumie kukadiria umri wa kitu. Na usigeuze riale za 1860 kuwa shilingi za leo. Linganisha na bei za wakati uleule, kama frasila ngapi za karafuu zilinunua nini.

Lugha

Kiswahili kiandike kwenye maelezo yako kama lugha ya utafiti. Waombaji wengi wa kwetu hukiacha kwa kuona ni cha nyumbani tu, wakati mwombaji wa Ulaya mwenye Kiswahili cha miezi sita anakitanguliza juu kabisa. Kiarabu kieleze kwa ukweli: kuhitimu chuo cha Kurani na kuisoma vizuri hakumaanishi unaweza kusoma barua ya mwaka 1870 isiyo na irabu wala nukta zilizokamilika. Lakini umeshajua herufi na una sikio, na kwa mwalimu mzuri umbali uliobaki ni mfupi. Kwa kila lugha andika mbalimbali: kusoma, kuandika, kuzungumza.

Kijerumani cha kuanzia kinapatikana Goethe-Institut, Dar es Salaam. Kwa mwanahistoria lengo la kwanza ni kusoma. Saa moja kila siku kwa miezi tisa, kwa sarufi na kamusi, humfikisha mtu kwenye kuusoma ukurasa wa gazeti la zamani kwa taabu lakini kwa usahihi. Kiingereza kithibitishe kwa mtihani wa IELTS, na idara za historia mara nyingi hutaka 7.0. Matokeo hutumika miaka miwili, hivyo usifanye mtihani mapema mno. Uliza kwanza kama chuo kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. Vipo vinavyokubali, na ada ya mtihani si ndogo.

Andiko la utafiti, sampuli na wadhamini

Andiko la maneno 1,500 ligawe hivi: 200 za swali, 400 za waliotangulia na wanapogongana, 400 za nyaraka zilipo na hali zao, 200 za namna utakavyozifanyia kazi, 200 za ratiba, 100 za kwa nini chuo hicho. Wengi huandika 900 za historia ya jumla na 50 za nyaraka. Geuza. Sehemu ya nyaraka ikiwa na namba za mikusanyo, nusu ya kazi ya kuwaridhisha umeimaliza.

Kwa waliotangulia, usiorodheshe. Onyesha wanabishana nini, na ubishi huo umeacha nafasi gani.

Sampuli ya maandishi ina tatizo letu maalumu. Wahitimu wengi wa historia hapa walisoma ualimu, historia ikiwa somo la kusomeshea, na hawana tasnifu ndefu. Hakuna ujanja: andika insha mpya ya maneno 5,000 juu ya waraka mmoja au kundi dogo la nyaraka kutoka Kilimani, yenye tanbihi kamili, umpe mtu mwengine aisome kabla ya kuituma. Itakuchukua miezi mitatu na itafanya kazi kuliko cheti chochote cha semina.

Wadhamini, yaani walimu watakaokuandikia barua za kukupendekeza, wape wiki sita, pamoja na andiko lako, sampuli, matokeo na tarehe za mwisho kwenye karatasi moja. Barua isemayo ulikuwa mwanafunzi mwema mwenye nidhamu haikusaidii. Mkumbushe kwa adabu kazi uliyomwandikia na alichokisifu. Mifumo mingi hutaka anwani ya barua pepe ya chuo, na kiungo cha kupakia barua mara nyingi huangukia kwenye kisanduku cha taka. Mpigie simu siku hiyohiyo kiungo kinapotumwa.

Kwa uzamivu wa Uingereza, mwandikie msimamizi unayemtaka kabla ya kuomba. Maneno 150 hadi 200 yanatosha: wewe nani, swali gani, nyaraka gani, na kwa nini yeye. Mmoja mmoja. Barua moja iliyotumwa kwa watu kumi huonekana.

Karatasi, fedha na saa

Majina yasiyolingana yamewaangusha wengi dakika ya mwisho. Cheti cha kuzaliwa kina Khamis, cha skuli kina Hamisi, cha chuo kina jina la babu na pasipoti haina. Zipange karatasi zako zote mezani sasa, na penye tafauti fanya kiapo au hati ya jina kisheria kabla hujaomba kitu. Ukisubiri hadi wakati wa viza, muda utakuwa umekwisha.

Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Saa za kusomesha skuli zinahesabika, hivyo mwalimu wa miaka miwili anaingia. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, DAAD kwa Ujerumani, Fulbright kwa Marekani, na Erasmus Mundus, ambao wanaopata hupewa posho ya euro 1,400 kwa mwezi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ifuatilie kila mwaka inapotangaza. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na asiye na mfadhili huonyesha fedha kwenye akaunti iliyozuiwa (fedha hutolewa kidogo kidogo kila mwezi), kiasi kilichokuwa euro 11,904 kwa mwaka mnamo 2024. Uingereza kuna na tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, pamoja na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kwa anayetoka Tanzania kukaa zaidi ya miezi sita. Balozi na vituo vya viza viko Dar es Salaam, kwa hiyo nauli ya boti iingize kwenye hesabu zaidi ya mara moja, na anayetoka Pemba azihesabu safari zote mbili za maji.

Angalia saa. Tarehe ya mwisho ya saa 23:59 kwa London ya baridi ni saa nane na dakika 59 usiku kwetu, na hapo tarehe imeshageuka. Usaili wa saa 10:00 ya GMT ni saa saba mchana. Kuna waliokaa mbele ya kompyuta saa kumi alasiri wakisubiri usaili ulioanza saa tatu nyuma. Andika saa zote mbili kwenye kalenda, na ombi litume siku mbili kabla. Usiku wa mwisho mifumo huzidiwa, na mtandao wa kwetu hauhitaji kuzidiwa ili ukatike.

Ukikataliwa, omba maelezo kwa barua fupi ya adabu, wengine hujibu. Kama ni fedha tu, uliza kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka mmoja. Kama ni ombi lenyewe, usilitume tena kama lilivyo kwa chuo chengine. Rudi Kilimani na andiko mkononi, fungua majalada mawili matatu ambayo hukuyagusa mara ya kwanza, na anza kuandika upya kwenye sehemu ya nyaraka.